Masomo ya Kulaza Watu

Sitadanganya: kilichonivutia kwanza katika kazi ya nusukaputi ni kiti. Nilikuwa muuguzi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja huku Lamu, na kwa miaka minne nilisimama. Daktari alisimama, msaidizi wake alisimama, mgonjwa alilala. Aliyekaa alikuwa mmoja tu, kichwani pa mgonjwa, kwenye kistuli chenye magurudumu: bwana mmoja kutoka bara ambaye kazi yake ilikuwa kuwalaza watu usingizi kabla ya kupasuliwa. Naye alikuwa muuguzi kama mimi, ila alikuwa ameongeza masomo. Nikajiambia, kumbe elimu ikizidi mtu hupewa kiti.

Halafu siku moja, katikati ya upasuaji, nilimwona akiinuka taratibu. Alitazama mashine, akagusa shingo ya mgonjwa, akapunguza kitu hapa, akaongeza kitu pale, akadunga sindano moja kwenye mpira wa maji, akakaa tena. Daktari hakuinua hata kichwa. Baadaye nikamuuliza kulikuwa na nini. "Alikuwa anatuacha," akanijibu, kama anayeeleza habari ya mgeni aliyetaka kuondoka kabla ya chai. Tangu siku hiyo nilitaka kujua alichokijua yeye. Kiti nacho sikukisahau.

"Anza na digrii," akanishauri. "Na ukifika kwenye masomo ya hiari, chagua kemia na fizikia. Kazi hii ni gesi, presha na dozi, dada yangu. Hakuna kingine."

Nilimshukuru kwa moyo wote, kisha nikaenda nikafanya kinyume.

Chuo kilikuwa bara, na sisi tuliokuwa kazini tulisomea kwenye simu, tukaenda huko wakati wa mitihani tu. Fomu ya kuchagua masomo niliijaza nyumbani Matondoni, juu ya dari, ambako mtandao ulikubali kushika. Mama yangu alikuwa kando akisuka mkeka. Fizikia nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na tuliagana bila machozi. Kemia niliimaliza, lakini alama niliyopata sijawahi kuitaja mbele ya watu. Kwenye orodha yalikuwapo masomo mengine yenye majina mapole zaidi.

"Hiyo Uongozi ni nini?" mama akauliza niliposoma kwa sauti.

"Wafundisha mtu kuongoza watu."

"Na asiyejua kuongoza ndiye asomaye hapo?"

"Ndiye."

"Basi ichukue hiyo. Wewe hata punda hakusikii."

Nikaichukua. Nikaongeza Historia ya Uuguzi, Mawasiliano, na Saikolojia ya Jamii. Yote manne nikapata A. Yule bwana wa usingizi aliponiuliza masomo yanaendaje, nilimwambia alama, sikumwambia masomo. Alifurahi mno, akawatangazia wenzetu wote kwamba chumba chetu kimepata mrithi wake. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na wao wakausifu unyenyekevu wangu.

Nilipomaliza digrii nikaomba nafasi katika chuo cha nusukaputi. Baada ya wiki kadhaa nikapigiwa simu na mama mmoja wa ofisi ya usajili, mwenye sauti ya upole kabisa.

"Madam, matokeo yako ni mazuri sana."

"Ahsante."

"Lakini sisi hatumlazi mgonjwa kwa Historia ya Uuguzi. Kemia iko wapi? Fizikia iko wapi?"

Nikamwambia sikuyachukua.

"Kwa nini?"

Mimi niliyepata A ya Mawasiliano nikakosa neno la kumjibu.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia yule bwana. Nilimkuta akibandika lebo kwenye sindano zake, nikamweleza yote, somo moja baada ya jingine. Hakunikemea. "Historia ya Uuguzi," alisema, kisha akasema tena polepole, kama mtu anayesoma jina la dawa asiyoijua. Akabandika lebo ya mwisho. "Rudi ukasome."

Nikarudi. Safari hii nilichukua likizo yangu yote na siku za ziada zisizo na mshahara, nikaenda kukaa darasani bara na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Siku ya kwanza nilipoingia walinyamaza, wakafungua madaftari. Walidhani mimi ndiye mwalimu. Walipojua ukweli wakaniuliza kama mtihani utakuwa mgumu. Nikawaambia utakuwa mgumu sana. Hilo ndilo jambo pekee la fizikia nililokuwa na hakika nalo.

Kemia ilinikubali kidogo kidogo. Fizikia ilikataa. Palikuwa na sura moja ya gesi, kuhusu hewa inavyobanwa na inavyotanuka, ambayo niliisoma mpaka kurasa zikalegea, na kila nikifunga kitabu inanitoka yote. Tulipopewa mapumziko nilikwenda nacho Kizingitini kwa mjomba wangu, kaka wa mama. Yeye maisha yake yote amekuwa akizamia kamba wa mawe, bila mtungi wa hewa, kwa pumzi zake mwenyewe. Alinikuta kibarazani nimeshika kichwa.

"Kitabu hicho chanena nini hata kikutoe matozi?"

Nikamweleza kwamba chanena hewa ikigandamizwa hupungua ukubwa, na ikiachiwa huongezeka.

Akanitazama akingoja niendelee. Alipoona nimefika mwisho, akakaa.

"Mimi nikiwa tini baharini nikatoa povu moya, hutoka dogo, kama punje ya mtele. Lenda likipanda, lenda likivimba, hata likifika yuu limekuwa kama yai. Mayi ya tini yalibana, ya yuu hayalibani. Ndiyo hilo?"

"Ndilo hilo, mjomba."

"Na aloandika kitabu alizama wapi?"

Nikamwambia sidhani kama alizama. Mjomba akasikitika kwa ajili yake, akaenda zake msikitini.

Katika mtihani lile povu liliniokoa. Nikapata C. Zile A nne sijui hata vyeti vyake viko wapi, lakini hiyo C nimeitia kwenye plastiki. Chuo cha nusukaputi kikanipokea, nikaenda, nikasoma kwa hofu muda wote, nikafaulu, nikarudishwa kazini Lamu.

Mgonjwa wangu wa kwanza bila msimamizi alikuwa bibi mmoja kutoka Siyu, mwenye uvimbe tumboni. Alilala mezani akanikagua toka juu hadi chini.

"Nikilala, nani ataniamsha?"

"Mimi, Bi, kwa uwezo wa Mungu."

"Na ukisahau?"

"Sitasahau. Sitatoka hapa."

Hakuonekana kuridhika. Akaanza kutamka shahada kwa sauti ndogo, na mimi nikaizuia sindano mkononi mpaka amalize. Akalala. Kwa saa mbili nilimtazama kama ambavyo sijawahi kumtazama mtu, pumzi kwa pumzi, nikiandika kila dakika tano, na nadhani nilisahau kuvuta zangu. Uvimbe ukatoka, akashonwa, nikafunga gesi, nikamwita. Akafumbua macho.

"Mwaanza lini?" akauliza.

"Tushamaliza, Bi. Uvimbe umetoka."

"Usinidanganye. Nimefumba mato kidogo tu."

Nikamhakikishia. Daktari naye akamhakikishia. Bibi akatutazama sote wawili, akaniambia kwa heshima zote kwamba kama kazi siijui nisione haya, nimwite aliyesoma. Kisha akageuza uso ukutani, akasubiri tuanze.