Fimbo ya Baba Niliyoifanya Ufito wa Kuvulia

Nimekosa! Nasema mapema kabla hujaanza kunihurumia. Jina sitaji, kwa sababu Isiolo ni ndogo na hapa mtu anajulikana hata kwa kikohozi chake.

Mimi ni Mborana, mtoto wa mfugaji. Kwa wazee wetu samaki si chakula, na aliyemla hafai kugusa chombo cha maziwa. Basi mimi nikaanza kuvua kwa siri mtoni, upande wa Gotu, na rafiki yangu Mturkana. Nyumbani nilidanganya kwamba nimeenda kuona mbuzi wa kuuza.

Shida ilikuwa ufito. Nilibeba mwanzi mnene, mkono ukauma, na samaki sikupata hata wa dawa. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Hiyo ni nguzo ya stima, bro! Kama ni sangara kubwa ya ziwa, sawa. Hii ngege ya hapa inagusa tu chambo. Tafuta kitu nyepesi, yenye inapinda na kurudi. Mkono isikie."

Wiki hiyo baba alikuwa mgonjwa wa malaria, hatoki kitandani. Fimbo yake ilikuwa imeegemea mlango. Ya mti wa haroresa, nyembamba, imenyooka, nyepesi ajabu. Baba haoni vizuri siku hizi na fimbo hiyo ndiyo humwongoza, kwa hivyo huipaka siagi mwenyewe na hapendi ishikwe. Shetani gani aliniingia, jamani! Nikaichukua, nikachonga mkato mdogo kwenye ncha ili mshipi usiteleze, nikaenda zangu Gotu.

Na ilivua! Ngege akigusa chambo tu, kiganja kinajua. Nilifurahi kama mtoto. Nikawachoma hukohuko na rafiki yangu, tukala, nikaifuta fimbo kwa mchanga na kuirudisha mlangoni.

Baba alipopata nafuu aliiomba. Vidole vyake vikapita juu ya fimbo, vikafika kwenye ule mkato, vikasimama. Akainusa.

"Nani ameleta samaki kwa nyumba yangu?"

Mke wangu ni wa hapa mjini, na kwao samaki huliwa bila shida. Baba akageuza uso upande wa jikoni. "Ni wewe, mama?"

"Wallahi si mimi, Aba."

Wakaningoja. Na mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu, nikasema, "Labda ni yeye, Aba. Mimi nashinda sokoni."

Mke wangu akarudi kwenye sufuria zake. Huyu ndiye aliyemlisha baba uji kwa kijiko siku zote za malaria. Tangu hapo baba akakataa maziwa ya mkono wake. Baadaye dada yangu akaja kumchukua baba, akaenda naye Garbatulla. Fimbo aliiacha palepale mlangoni.

Chakula kilinishinda. Mwisho nikampigia baba simu, nikasema yote, kuanzia mwanzi hadi uongo.

"Umeambia mimi," akasema. "Bibi yako umeambia?"

Nikaenda jikoni. Niliongea nikiangalia sakafu. Mke wangu akakausha mikono, akanionyesha kidole gumba.

"Mimi nilijua kitambo. Ndoano ilinidunga nikifua koti yako."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Hapo ningefurahi ardhi inimeze! Ni afadhali angenitukana.

Baba amerudi sasa. Aliomba msamaha kwa mke wangu mbele yangu, mzee mzima, kwa kosa langu mimi. Maziwa anayapokea kwa mikono miwili. Mimi napewa chai ya rangi, nainywa bila kuuliza.

Wewe unayesoma, ukitaka ufito mwepesi, nunua au ukakate porini. Cha mtu usiguse. Na ukishakosea, sema kabla hajaulizwa mwingine, maana neno moja la uongo mimi limenifanya mgeni kwangu.

Ile fimbo baba hajaishika tena. Nimemkatia nyingine ya haroresa, nimeipaka siagi, nimeiegemeza mlangoni. Leo asubuhi ameipita akipapasa ukuta.