Rula za vidole

Leo nimemwamkia mtu aliyenichapa rula za vidole miaka ya tisini, na hata hanikumbuki.

Nilimpeleka binti yangu mazoezi ya bendi ya parokia, hapa Majimoto. Anapiga klarineti. Vidole vyake ni kama vyangu, viungo vimelegea. Akibonyeza tu vinapinda kwa nyuma, matundu hayazibiki, klarineti inalia kama bata.

Enzi zetu huo uliitwa uvivu. Dawa yake rula. Mwishowe nikanyang'anywa klarineti, nikagonga matoazi mpaka namaliza la saba.

Leo mwalimu mpya, dada mdogo tu, kamvalisha mwanangu mkanda wa shingoni ubebe uzito, kidole gumba kipumzike. Akamwambia, "Kunja vidole kama umeshika chungwa. Ila usilikamue."

Sauti ikatoka safi. Jamani, nilitamani kulia.

Yaani ilikuwa rahisi hivyo?

Kugeuka, nani kakaa kwenye benchi? Mwalimu wangu wa zamani, mzee sasa, anatikisa kichwa kwa raha zake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Mtoto ana kipaji huyu. Ndivyo nilivyokuwa nafundisha hata mimi."

Ndivyo!

Nikampa mkono. Akaona kidole gumba changu kinavyopinda kwa nyuma, akanionea huruma ya kweli kabisa.

"Pole, mama. Uliumia wapi?"

Nyie mngemjibu nini? Maana mimi, mtu mzima na hasira zangu zote, nilisema, "Shambani, mwalimu."