Mashine Isiyo na Panga

Pale kivukoni walimwita Zima. Boti ikiwa bado mbali na gati, yeye huzima mashine, akashika upondo na kuisukuma taratibu mpaka ifike. Manahodha wenzake walifika huku mashine zikinguruma. Abiria walimtania.

"Nahodha, tushuke tukusaidie kusukuma?"

"Kaa chini, mama. Utafika."

Hakueleza zaidi, lakini sisi wa gatini tulijua. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa akiuza tiketi kwenye kibanda cha gatini, alikuwa akichechemea. Alipokuwa msichana aliteleza nyuma ya boti ya baba yao, na panga la mashine, lile linalozunguka majini, likamkata mguu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile hakupanda boti tena. Na katikati ya mto upondo haufiki chini. Huko ni mashine tu.

Mama yao aliishi ng'ambo, na sasa alikuwa wa kitandani. Kaka mtu alimwona kila jioni. Dada mtu alizunguka na basi hadi daraja la mbali, safari ya kutwa, kwa hiyo alikwenda kwa nadra.

Ndipo chama cha wenye boti kikaletewa mashine mpya ya kujaribu. Hiyo haikuwa na panga. Ilifyonza maji kupitia wavu chini ya boti na kuyatema nyuma kwa nguvu, boti ikaenda. Mwenyekiti alimchagua Zima aijaribu na kutoa neno.

"Wewe ndiye mwoga wetu," alisema, watu wakacheka. "Ukiikubali wewe, nani ataikataa?"

Siku ya kwanza maji yalikuwa safi. Boti iligeuka alipotaka, ikasimama alipotaka. Aliporudi alimwita mdogo wake, na fundi aliyeileta mashine akaizima.

"Pitisha mkono chini hapo."

Dada alipapasa pale ambapo panga lingekuwa. Hakukuta kitu.

"Na akiiwasha?"

"Itakulowesha tu."

Alivua viatu, akapanda. Walikwenda hadi katikati ya mto wakarudi, naye njia nzima alishika ukingo kwa mikono miwili. Aliposhuka alisema, "Kaka, Jumapili unipeleke kwa mama."

"Nitakupeleka," Zima akajibu papo hapo. Majaribio yalikuwa hayajaisha.

Kesho yake mvua za huko mto unakotoka ziliteremsha magugumaji. Boti ilipakiwa magunia ya mchanga badala ya abiria. Ilipofika penye mkondo, mashine ikakoroma, nguvu zikaisha. Magugu yalikuwa yameziba wavu. Fundi alizima upesi, akafungua kifuniko na kuyang'oa kwa mikono, lakini mto haukuwangoja. Uliwabeba kuelekea kwenye miamba mpaka boti nyingine ikaja kuwavuta.

Gatini fundi hakuficha kitu. "Kwenye maji masafi haina neno. Hapa inataka wavu wa namna nyingine, na sijui utapatikana lini."

Mwenyekiti akamgeukia Zima.

"Magugu si ya kila siku," Zima alisema.

"Si ya kila siku. Siku yakija, utawapakia watoto wa shule?"

Zima alifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikwisha kukauka. "Hapana," akasema. "Ifungueni, muiondoe."

Alikwenda kibandani mwenyewe.

"Nimeikataa."

"Nimeona mlivyovutwa."

"Labda kabla hawajaiondoa, maji yakitulia..."

"Kaka, usijisumbue. Ungesema ndiyo, ningekushangaa." Akaendelea kupanga tiketi zake. Angemlaumu ingekuwa nafuu.

Jumapili Zima alimsindikiza dada yake kituo cha basi, akimbebea mkoba wenye kanga za mama zilizofuliwa. Basi lilichelewa. Walikaa kwenye benchi, yeye akitazama barabara, dada akitazama viatu vyake.

"Wewe vuka," dada alisema mwishowe. "Utamkuta kabla yangu. Mwambie niko njiani."

Alivuka, akamwambia. Mama alifurahi, akaomba ainuliwe na kuegemezwa kwenye mto wa kulalia ili auone mlango. Aliutazama mchana kutwa. Usingizi ulipomchukua, basi lilikuwa halijafika.