Doa la Mkono wa Baba

Mimi ni mtu wa usafi, na usafi wangu una mdomo. Majirani zangu hapa Lindi wananijua: ukipanda barazani kwangu na viatu vyenye matope utasemwa, na ukininunia utasemwa tena. Naliweka hilo wazi mapema nisije nikajifanya mpole kwenye karatasi.

Baba alikuja kukaa kwangu macho yake yalipomwisha. Maisha yake yote alikuwa Kilangala akilima mikorosho, na mpaka uzeeni viganja vyake vilikuwa na weusi wa mafuta ya maganda ya korosho, weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia. Kijijini alizijua njia zote kwa miguu. Kwangu ilibidi aanze upya. Akitoka chumbani alipapasa ukuta mpaka kwenye kabati, na kutoka kwenye kabati alihesabu hatua nne hadi mlango wa uani. Mlango ule una ngazi moja ya kushuka, na mchana hukaa wazi, umezibwa na pazia tu. Alipolipata pazia alilikamata, akasimama, ndipo akateremsha mguu. Hakuniambia. Niligundua kwa doa.

Lilikuwa usawa wa kifua, ukubwa wa kiganja, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Pazia lenyewe ni zito, rangi ya maziwa, nililishona mwenyewe. Kila mwezi nililishusha nikaliloweka kwenye beseni. Maji yetu ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu la maana. Nilifikicha mpaka vidole vikachubuka, nikaanika, na likikauka doa liko palepale, limepauka kidogo tu. Siku tatu hazipiti limekolea tena.

"Baba, hiyo mikono yako!"

"Mikono hii ndiyo iliyokusomesha," alikuwa akijibu, na tunacheka. Siku hizo bado tulikuwa tunacheka.

Ikaja habari kwamba kuna watu wanataka kuleta posa ya binti yangu. Nikaitazama nyumba yangu kwa macho ya wakwe, na kitu cha kwanza nilichokiona ni lile doa. Mjini kuna dobi mwenye mashine, mtu wa makamo asiyependa maneno. Nikambebea mapazia yote. Lile la mlangoni alilitandaza mezani, akaweka kiganja chake juu ya doa, kikaenea sawasawa.

"Dada, hapa kuna mtu anajishikia," alisema. "Nyumbani una mzee?"

"Ninaye. Doa linatoka au halitoki?"

"Linatoka."

Siku mbili mlango ulikaa mtupu. Nilimwona baba akifika, akanyoosha mkono, mkono ukashika hewa. Alisimama pale akipapasa, mpaka nikaenda nikamshika na kumshusha.

"Pazia limekwenda kwa dobi kuoga, baba."

"Lina bahati. Mimi nangoja maji ya moto tangu asubuhi."

Liliporudi lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, linanukia, na doa sikuliona hata nilipoliinua juani. Nilijiona mshindi. Nililitundika, nikalitazama weee, kisha nikamfuata baba chumbani. Maneno yangu nayakumbuka yote.

"Baba, hili pazia nakuomba usilishike. Wageni wanakuja. Likiingia doa tena mimi nitalia."

"Haya, mwanangu. Silishiki."

Hakunikasirikia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenifokea ningemjibu, tungegombana, yangeisha. Badala yake alianza kutembea mikono nyuma, kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya kuvunjika. Mlangoni alilisukuma pazia kwa bega, akaitafuta ngazi kwa kidole cha mguu. Nilimwona. Niliona vizuri kabisa, nikadhani ni adabu, na nikafurahi.

Wageni walikuja Jumapili. Walikula, wakatoa posa yao, baba akawajibu kwa heshima zote za kizee. Mama wa kijana alilishika pazia la mlangoni, akaliminyaminya, akauliza nalifua kwa kitu gani. Nilimweleza kwa raha zangu. Walipoondoka nilikunja mikeka, nikasugua masufuria, nikarudisha vikombe vya jirani. Nilikumbuka kila kitu isipokuwa kumwambia baba kwamba sasa anaweza kulishika pazia lake.

Jumatatu adhuhuri alitoka kwenda kutawadha. Mimi nilikuwa uani nakuna nazi. Niliona pazia likitokeza bega, ukaja mguu, mguu ukaikosa ngazi, na baba akaja chini mzima mzima. Mikono ilikuwa bado nyuma. Nilipomfikia niliinua macho mara moja tu, na pazia lilikuwa limetulia mlangoni, halina hata mkunjo.

Nyonga ilivunjika. Hospitali walifanya walichoweza, wakaturudisha nyumbani, na baba hakusimama tena. Alilala tangu msimu wa kuuza korosho mpaka masika. Ndugu waliokuja kumjulia hali walisema ni uzee, ni macho, ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Niliwaacha waseme. Mimi, mwenye mdomo, sikuwa na pa kuanzia. Yeye naye hakuligusia, ila asubuhi moja nilipokuwa namgeuza ubavu.

"Pazia bado safi?"

"Safi, baba."

"Alhamdulillahi."

Aliuliza kwa moyo mweupe, kama anaulizia afya ya mjukuu. Nilimaliza kumfunika, nikaenda kulia chooni.

Ilipobaki wiki moja hivi kabla hajatutoka, alipata hamu ya chakula. Nilimpikia wali na samaki changu wa kukaanga, na alikataa kulishwa. Alikula kwa mkono wake, taratibu, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye kifundo. Nilipokuwa nimeshika bakuli la maji ya kunawa niliutazama ule mkono, mafuta matupu, na uvumilivu wangu ukaniishia. Niliweka bakuli chini. Nilikwenda mlangoni nikalivuta pazia mpaka fimbo ikatoka ukutani, nikarudi nalo, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilitaka alishike, alifinye, alipake mafuta yote, doa lirudi mahali pake na mimi niwe na kitu cha kufikicha kila mwezi. Nilikichukua kiganja chake nikakiweka juu ya kitambaa na kuvifumba vidole vyake kwa vidole vyangu.

"Shika, baba. Shika kwa nguvu. Nisamehe."

Alilitambua kwa kuligusa tu. Vidole vilitulia kidogo ndani ya mkono wangu, kisha akauchomoa mkono wake upesi, akauinua juu, mbali na kitambaa.

"Litoe, mwanangu," alisema. "Sijanawa."