Kichuguu cha shambani kwangu, kijijini Mbingu

Leo nimemnyang'anya mjukuu wangu jembe mbele ya rafiki zake.

Kasomea mawe chuo kikuu. Siku hizi anazunguka bonde zima akipiga picha sehemu za ajabu. Leo kapanda kichuguu cha shambani kwangu, eti akikate aone tabaka za udongo.

"Shuka!"

"Bibi, hiki ni cha kipekee!"

"Umemkanyaga baba yako mdogo."

Akacheka. Mjinga!

Nikamweleza: miaka ya tisini mafuriko yalitukuta huku shambani. Kichanga changu kikafa. Udongo mkavu wa kumzika ulikuwa pale juu tu.

Kicheko kikamkauka. Akashuka taratibu, akataka kufuta picha ya kichuguu.

Nikamkataza. Nimeiweka hapa muione.

Ndiyo picha pekee ya mwanangu niliyonayo.