Masweta Mawili Chini ya Sare

Huku Mahongole ninakoishi, pembeni mwa mji wa Makambako, mimi ni fundi. Cheti sina. Nina cherehani ya miguu sebuleni, simu iliyojaa video za mafundi wa nchi nisizozijua, na mdomo usiokosa la kusema juu ya gauni la mtu. Walimu wenzangu wa shule ninayofundisha wakishanunua mitumba gulioni huja kwangu Jumamosi, maana magauni yale yameshonwa kwa ajili ya wanawake wenye mabega ya wabeba magogo na nyonga za watoto wa darasa la tatu. Nafumua ubavuni, napunguza hapa, naachia pale, na mtu anatoka amekaa vizuri. Kanuni yangu ilikuwa moja na niliitangaza bila kuulizwa: nguo ifuate mwili.

Kanuni hiyo nzuri sana ina kasoro moja. Ukipanda kwenda Njombe mwezi wa saba, huko hakuna mwenye mwili. Kuna sweta, juu yake sweta jingine, kisha kitenge cha kujifunga, na katikati ya vyote hivyo kuna sauti inayokukaribisha chai. Nimekulia huko. Nakumbuka shangazi mmoja ambaye mpaka leo siwezi kukuambia kama alikuwa mnene au mwembamba, na tulikaa naye nyumba moja miaka sita.

Mama yangu anaishi nje kidogo ya mji wa Njombe, njia ya kwenda Uwemba, ana viazi vyake na miparachichi michache inayomkosesha raha kuliko watoto wake wote. Mwaka juzi alikwenda Lugarawa kumtembelea mdogo wake aliyeolewa huko, na tumbo likamshika hukohuko. Akalazwa hospitali ya misheni, akafanyiwa upasuaji, akakaa wiki tano. Madaktari walifanya kazi yao, akapona. Ila mwanamke aliyerudi alikuwa nusu ya yule aliyeondoka. Sketi yake ilishikiliwa kiunoni na pini mbili, na alitembea akiwa ameikamata kwa mkono kana kwamba ilikuwa na nia ya kutoroka.

Basi ikafika Jumapili ya shukrani. Usharikani kwetu mtu akiponyeka husimama mbele na jamaa zake, anatoa sadaka yake, na akina mama wa kikundi chake wanamzunguka wakiimba, wote kwa sare. Sare yenyewe ilikuwa kitenge cha zambarau chenye maua ya njano, na duka lililokiuza lilishakimaliza zamani. Mama alikuwa na gauni lake, lililoshonwa enzi za mwili wake wa kwanza. Sasa lilimning'inia mpaka ungefikiri limeanikwa.

Akanipigia simu. "Njoo na futi yako," akasema. "Nataka nisimame pale kama mtu. Wakianza kunihurumia wale, nitakufa kweli."

Si maneno ya utani hayo. Akina mama wa kwetu wana huruma yenye nguvu za kutisha. Wakishakuona umekonda, wanaanza kukusemea polepole na kwa sauti ya chini. Wanakupokonya ndoo, wanakuketisha karibu na mlango, na kabla ya mwezi kwisha wanakutaja kwa wakati uliopita: alikuwa na sauti nzuri, alikuwa hapendi maneno. Niliona walivyomfanya jirani yetu mmoja. Alikuwa na kikohozi tu.

Nikapanda Njombe. Mama akanipokea amevaa masweta mawili, la kijani na la kahawia, akasimama katikati ya chumba na kunyoosha mikono. "Pima," akasema.

"Vua kwanza hayo masweta, mama."

"Baridi. Pima hivihivi."

Nikapima hivihivi, huku nikicheka moyoni. Fundi mzima nipime sufu? Nikaandika vipimo vyake kwa adabu, halafu nikafanya ujanja wangu. Alipokwenda jikoni kutia viazi, nikaichukua ile sketi ya pini iliyokuwa imeanikwa nje, nikaupima mviringo wa kiuno kutoka pini hadi pini. Kwa kifua nikakadiria, nikatoa inchi kwa kila sweta. Nikajiona nina akili nyingi. Nikalitia gauni kwenye mfuko, nikateremka nalo Makambako.

Kazi niliyoifanya ilikuwa nzuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu, ila ndiyo, najisifu. Nililifumua lote ubavuni, nikalipunguza, nikaingiza zipu mpya. Kisha nikafanya jambo ambalo fundi yeyote wa barazani asiyejua hata kuwasha simu angenizuia nisilifanye. Kile kitambaa cha ziada ambacho mafundi hukiacha ndani ya mshono ili kesho mtu akinenepa liachiwe, nilikikata. Kwenye video walikata. Mshono ukalala vizuri mno, na vipande vilivyobaki nikavishonea kipochi cha simu.

Nilimfikishia gauni Jumamosi jioni. Akalipapasa, akasifu pasi, akalitundika. Hakulijaribu, maana alikuwa anawapikia wageni. Mimi nilikuwa na gauni langu pia. Mama alikuwa amenitunzia kipande cha kitenge kilekile toka zamani, nami nilikuwa nimejishonea gauni la kunibana vizuri, la kuwaonyesha akina mama wa usharika kwamba mtoto wao wa Makambako si haba.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikamsikia mama akiniita kutoka chumbani. Sauti ilikuwa tulivu, na sisi watoto wake tunajua maana ya utulivu ule.

Alikuwa amevaa masweta yake mawili, na gauni lilikuwa limekwama mabegani. Zipu ilikuwa wazi mgongo mzima, kingo zake zimeachana kiganja kizima.

"Vua masweta," nikasema. "Limeshonwa kwa mwili wako."

Akanitazama. Akavua la kahawia, akavua la kijani, akalivaa gauni juu ya shimizi, akanigeuzia mgongo. Zipu ikapanda bila kusitasita. Akageuka.

Lilimkaa. Sijawahi kushona nguo ikamkaa mtu namna ile. Lilifuata kila kitu: mifupa ya mabega, mbavu, mahali tumbo lilipokuwa, na nyonga zilizokuwa zimebaki mbili kama vishikio vya sufuria. Kanuni yangu yote ilikuwa imesimama mbele yangu, inatetemeka kwa baridi.

"Nani alikuambia upime mwili wangu?" akauliza.

"Mama, nilitaka likukae."

"Likinikaa wataona." Akaketi kitandani. "Nilikupa masweta upime. Wewe ukaenda ukapima ugonjwa."

Niliona aibu ambayo sitaki kuipamba. Nilikuwa nimeelewa kila kitu juu ya kiuno chake na sikuwa nimeelewa kitu kimoja alichoniambia kwa simu. Mama yangu hakutaka nguo ifuate mwili. Alitaka nguo imshike pale alipokuwa zamani, mpaka mwili urudi wenyewe. Tena njia aliijua: kila mwanamke wa Njombe huvaa masweta chini ya sare, kwa sababu mama mwenyekiti wa kikundi amekataza sweta juu ya sare. Mbele ya kanisa zima, nani angejua ndani ya zambarau ile mna nini?

Nikasema nitaachia. Kisha nikakumbuka kwamba cha kuachia kilikuwa mezani, kimeshonwa kipochi, kina simu yangu ndani.

Mama alikiona. Akakichukua, akaupapasa mshono wake, akakirudisha mezani. Nilitamani anigombeze.

Kwa hiyo nikalivua gauni langu. Nilikuwa nimeshalivaa tangu saa kumi na mbili, kwa kiherehere. Nikachukua kiwembe nikalichana kuanzia pindo hadi kwapani, pande zote mbili, gauni lile lililonigharimu wikendi mbili na maringo ya mwezi mzima. Nikakata vipande viwili virefu, nikafumua ubavu wa gauni la mama, nikaketi kwenye cherehani yake ya mkono, ileile niliyojifunzia nikiwa darasa la tano na ambayo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba inafaa kuwekwa makumbusho. Mama akazungusha mkono wa cherehani, mimi nikaongoza kitambaa. Mshono ulikwenda kombo mahali pawili. Ndani niliacha kitambaa cha kutosha kushonea mtoto shati.

Saa tatu na nusu masweta yaliingia, la kijani kisha la kahawia, na zipu ikafunga. Mama akajitazama kwenye kioo cha kabati, akajigeuza ubavu. Akawa mama mnene mwenye shughuli zake.

Nami sikuwa na la kuvaa, maana nilikuja na suruali, na kwetu suruali haiingii kanisani. Mama akanitolea kabatini gauni lake la zamani, la kahawia, la enzi za mwili wake wa kwanza. Lilinizunguka mara mbili. Sweta la akiba halikuwepo, yote mawili yalikuwa kazini.

Kanisani akina mama walimpokea mlangoni kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, mama. Karibu nyumbani. Mbona umenenepa hivi?"

"Lugarawa walinilisha," akajibu mama, bila hata kupepesa macho, akapita kwenda kukaa na wenziwe wa kikundi. Hakuna aliyempokonya kitu. Hakuna aliyemketisha karibu na mlango.

Mama mwenyekiti alibaki ananitazama mimi. Alianzia mabegani, pale gauni lilipokuwa linateremka, akashuka taratibu hadi pindoni. Uso wake ukalainika. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu," akasema polepole, kwa sauti ya chini. "Na wewe uliumwa?"

Ningejibu nini? Ningemwambia kwamba mimi ni mzima, ila gauni langu limo ndani ya gauni la mama, na mama yumo ndani ya masweta? Nikainamisha kichwa. "Naendelea vizuri," nikasema, na hakuna jibu linalomsikitisha mama wa kwetu kuliko hilo.

Basi huruma yote iliyokuwa imeandaliwa ikapata pa kwenda. Nilipokonywa mkoba. Niliketishwa karibu na mlango, niweze kutoka nikizidiwa. Wakati mama amesimama mbele anaimba kwa sauti yake yote, zambarau imemjaa, mimi nilikuwa nafunikwa kitenge na mwanamke nisiyemfahamu, na kitoto cha benchi la mbele yangu kimegeuka kinanikodolea macho. Baada ya ibada niliahidiwa maombi ya watu wanne na nikapewa trei ndogo ya mayai ya kienyeji. "Ule moja kila asubuhi," mwenyekiti akaniagiza. "Mama yako katuficha sana."

Tulirudi nyumbani, trei ya mayai mkononi mwangu. Tulipofika mlangoni mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu wenye kovu, akaniomba nisimwangalie. Nikachemsha mayai sita. Akala matatu kwa chumvi. Tangu atoke hospitali nilikuwa sijamwona akimaliza hata moja.

Kisha akainuka, akafunga mlango ingawa ulikuwa mchana na jua limewaka. Akavua sare, akaikunja juu ya kiti. Akavua sweta la kahawia. Akavua la kijani. Akasimama katikati ya chumba na shimizi yake, akanyoosha mikono kama siku ile.

"Haya," akasema. "Sasa pima."

Nikachukua futi. Ilinizunguka vidoleni, ikabidi nianze upya. Nilipima kifua, nikapima kiuno, nikapima nyonga, na kila mara mikono yangu ilifika mahali ambapo ilizoea kumkuta mama na ikabidi iende mbele kidogo ndipo imkute. Niliogopa, na nadhani alijua, maana alikuwa akitazama dirishani.

"Kiasi gani?" akauliza.

Nikamtajia.

"Usiiandike hiyo," akasema. "Ikumbuke tu, halafu mwezi wa kumi na mbili uje upime tena."