Rampu ya Mama Nakuleu

Mimi, Esekon, ndiye niliyemfanya Mama Nakuleu awe watu mia mbili sitini na wanne. Sikukusudia. Nilikuwa karani wa mlangoni katika shirika moja hapa Kakuma, ambalo jina lake sitalitaja kwa sababu bado nakula kwao, na kila jioni nilitakiwa kujaza fomu yenye maswali thelathini na moja. Swali la tisa liliuliza ni walemavu wangapi waliofika ofisini siku hiyo. Nilikuwa nachungulia dirishani, namwona Mama Nakuleu ameketi penye ngazi zetu na tumbaku yake, naandika: mmoja. Kesho yake nachungulia, yupo. Mmoja. Siku za kazi kwa mwaka zilikuwa mia mbili sitini na nne, naye hakukosa hata moja. Mimi nilikosa kadhaa, lakini hizo nilizijaza kwa kukisia.

Makao makuu ya Lodwar wakajumlisha. Wakaona walemavu mia mbili sitini na wanne wanahangaika na ngazi za Kakuma, wakasikitika sana. Wakaandika barua, barua ikazaa kikao, kikao kikazaa mradi. Tutajengewa rampu, ile njia ya saruji ya kupandia isiyo na vidato.

Ngazi zenyewe zilikuwa mbili. Mbili tu! Mama Nakuleu alizipanda mara moja kwa mwezi akija kuomba maji ya kunywa, na alizipanda upesi kuliko bosi wetu, Bwana Akeno, mwenye tumbo lake.

Huyu mama ni mzaliwa wa Lorugum. Polio ilimchukua miguu akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo anatembea kwa mikono, viganjani amevaa akala, viatu vya tairi. Ukimwonea huruma anakuuliza viatu vyako ulinunua wapi vibaya hivyo. Binti zake wawili wamesoma kwa tumbaku ile, na kuuza tumbaku kwetu Turkana si mchezo, kwa maana tumbaku kwetu huombwa. Mzee mwenye ng'ombe hamsini atasimama mbele yako bila haya na kusema, "Nipatie etaba kidogo," na ukimnyima, jina lako limeharibika mpaka Kapedo. Mama Nakuleu hamnyimi mtu. Anakumegea kipande kama kucha, kisha anaanza kukujulia hali. Ejok? Watoto? Mbuzi? Mvua imefika kwenu? Yule mbuzi mwenye jicho moja amepona? Anauliza polepole huku unatafuna cha bure, na kufika kwenye mbuzi wa nne wewe mwenyewe unaona aibu, unanunua. Nimewaona maofisa wa serikali wakishindwa.

Biashara yote hiyo ilisimama juu ya kivuli. Kulikuwa na mwarobaini mmoja pembeni ya ngazi, na chini yake tumbaku ilikaa laini mpaka jioni. Juani, kufika saa nne inakauka na kuvunjika unga, na unga hakuna anayeutafuna. Sokoni nako wauzaji wa tumbaku ni kumi na mmoja, wameshagawana kivuli chote. Bila mti ule, mama hana kazi.

Mafundi walipokuja wakasema rampu itaanzia pale pale alipokaa, na mti ukatwe maana mizizi yake itapasua saruji. Bwana Akeno akatoka nje kumweleza kwa upole.

"Mama, hapa pametengewa walemavu. Naomba usogee."

"Nisogee nipishe nani?"

"Walemavu."

Mama Nakuleu akaangalia miguu yake, akamwangalia Bwana Akeno, akaangalia barabara yote mpaka mwisho. "Wako wapi?"

"Watakuja," akasema Bwana Akeno. "Wako wengi. Tuna takwimu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ile fomu mkononi. Ningeweza kusema. Sikusema, nikajifanya natafuta kalamu, nayo ilikuwa sikioni. Mti ukaanguka kabla ya chakula cha mchana, na jioni nikaandika tena: mmoja.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Rampu ilipokamilika, Lodwar wakatangaza siku ya kuikabidhi kwa wanufaika. Soda zikaletwa kreti kumi na moja, ambazo ni chupa mia mbili sitini na nne kamili, hesabu haikukosea hata moja. Maandazi yakaja kwa magunia. Viti vya plastiki vikapangwa uwanja mzima, na kwenye ukuta ikaning'inizwa bango la kuwakaribisha wote. Saa tatu mnufaika akawasili, kwa mikono yake, akachagua kiti cha mbele na kuketi chini kando yake.

Saa nne hakuna mwingine. Saa tano soda zimechemka. Mgeni rasmi, Bwana Losike, mkaguzi wa miradi kutoka Lodwar, alikuwa njiani, na Bwana Akeno alikuwa anavuja jasho mpaka kwenye soksi. Akaniita kando pamoja na mama, akatoa karatasi za mahudhurio na kile kidau cha wino wa bluu.

"Mama, weka dole hapa."

Akaweka.

"Na hapa."

"Hii ya kwanza ni ya nani?"

"Yako."

"Na hii ya pili?"

"Yako pia."

"Sasa ya kwanza imekuwa ya nani?"

Bwana Akeno akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amebadilisha sauti, akawa anaongea kama mtu anayeposa. "Mama yangu, sikiliza. Iko veranda pale juu. Ina mabati, ina upepo, kivuli cha asubuhi mpaka jioni. Weka dole mara mia mbili sitini na nne tu, na kuanzia kesho utauzia pale. Hakuna mtu atakuondoa."

Nilitaka akubali! Nakiri bila kuficha, nilitaka aweke madole yote upesi ili dhambi yangu ifunikwe. Na yeye alitaka, nilimwona. Aliitazama ile veranda kwa muda mrefu, dole gumba likiwa bado na wino. Kisha akalifuta kwenye shuka yake.

"Hapana, Akeno. Mimi ni mtu moja."

"Ni karatasi tu, mama."

"Kama ni karatasi tu, weka dole yako. Hao wengine wako, mimi najua. Iko mmoja kule kambi ya wakimbizi, iko mwingine Katilu. Siku watakuja kuuliza yao, watapata mimi nimeshakula, nimeweka na dole. Nitawaambia nini?"

Gari la Lodwar likaingia. Bwana Losike akashuka, mtu mrefu mwenye miwani, akatazama viti vitupu, soda, na mama mmoja. Akauliza wanufaika wako wapi. Bwana Akeno akaanza kueleza habari za mafuriko ya laga, ule mto wetu mkavu. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi saba. Basi mimi mdomo ukanifunguka.

"Mzee, ni huyu."

"Huyu ni mmoja."

"Ni huyu kila siku, mzee. Mimi nilikuwa nachungulia naandika. Wote ni yeye."

Mama Nakuleu akageuka kunitazama, na ndipo nilipoelewa kuwa alikuwa hajui. Mwaka mzima tulisalimiana ejok asubuhi na ejok jioni, na hakujua kwamba aliyeukata mti wake ni mimi.

"Ulikuwa unaniandika kila siku?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na hukuniuliza kitu?"

Nikatazama viatu vyangu.

Bwana Losike alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vitupu na kufikiri. Nilijua nimefukuzwa. Lakini yeye tatizo lake lilikuwa jingine: kompyuta ya Lodwar hukubali idadi kupanda, kushuka haikubali. Akatafakari mpaka soda mbili zikaisha, kisha akaandika kwa mkono wake mwenyewe: mnufaika mmoja amehudhuria, mia mbili sitini na watatu wametuma udhuru. Akapiga muhuri. Akanipa mkono akisema ukweli ni kitu kizuri, ila niwe naupitisha kwanza kwa bosi wangu. Maandazi yaliyobaki wakaondoka nayo Lodwar.

Veranda hakuipata. Bwana Akeno alisema haikuwa kwenye mradi. Kesho yake nilifika nikiwa na hakika kwamba mama hatakuwepo, na nikamkuta. Amekaa nyuma ya ukingo wa rampu, kwenye kile kivuli chembamba cha asubuhi, tumbaku ameifunika kwa gunia bichi. Kivuli kilipohama, akahama nacho. Adhuhuri kilipoisha kabisa, akakaa juani, akilowesha gunia kwa maji ya kopo. Alinisalimu kama kawaida. Hiyo iliniumiza kuliko matusi.

Akaendelea hivyo miezi mitatu. Alikuwa anauza nusu ya alichokuwa akiuza zamani, na wazee walioomba bado aliwamegea na kuwauliza habari za mbuzi.

Siku moja, saa tano ya jua kali, akaja mtu kutoka kambini kwa kiti cha magurudumu. Anaitwa Yak, Msudani Kusini, miguu yote miwili imekatwa magotini. Wa kwanza tangu rampu ijengwe! Lakini mafundi walikuwa wamejenga mpaka pale saruji ilipoishia kwenye mchoro, na kati ya barabara na rampu kulikuwa na mchanga, hatua kama kumi. Magurudumu yakazama. Yak akasukuma, yakazama zaidi.

"Salaam taki," akatusalimu kwa Kiarabu cha kwao, kwa aibu, maana watu walikuwa wanatazama. Mimi pia nilikuwa natazama.

Mama Nakuleu akaliondoa gunia lake juu ya tumbaku, akaenda nalo kwa mikono mpaka pale, akalitandika mbele ya magurudumu. Yak akasogea urefu wa gunia. Mama akalitoa nyuma, akalitandika mbele. "Esekon, usisimame kama nguzo, sukuma!" Nikaruka, nikasukuma. Mara tano tukafanya hivyo mpaka akagusa saruji, akapanda mwenyewe.

Bwana Akeno akatoka mbio na kamera. Mnufaika! Akampiga picha kushoto, akampiga kulia, kisha akamwomba Mama Nakuleu asogee kidogo, anaharibu picha. Mama akasogea.

Niliporudi chini, tumbaku yote ilikuwa imekauka. Mama alikuwa anaichota kwa kiganja na inapita vidoleni. Nikapandwa na hasira, nikamtukana Bwana Akeno kwa jina lake na la babake, nikalitukana shirika, nikajitukana mimi. Nikamuuliza yeye hana uchungu?

"Niko nao," akasema. "Ule mti nilikuwa naupenda. Ulikatwa kwa sababu ya mtu, na huyo mtu hayuko. Hiyo ndiyo ilikuwa inanisumbua usiku." Akamtazama Yak, aliyekuwa juu verandani akisubiri zamu yake, kivulini. "Sasa amekuja."

Akakung'uta mikono, akanipa kopo nikamletee maji.